Kofia ya Mwanga na Uzi wa Mama

Jana mchana, nikiwa nimekaa kitini na kofia ya leza kichwani, niliota kwamba kofia hiyo imeshuka yenyewe, imevuta kiti, imekaa mbele yangu na kuniuliza nina shida gani.

Niseme kwanza kofia yenyewe ni kitu gani, maana mdogo wangu Lugano huiita sufuria. Ni kofia ngumu, nyeusi, ndani imejaa vitaa vyekundu. Unaivaa dakika ishirini na tano, leo unavaa, kesho unapumzika, na hivyo hivyo kwa miezi. Daktari wa ngozi aliniambia inaweza kuwasaidia baadhi ya watu kuotesha nywele, tena kidogo. Kisha akaangalia juu ya paji langu la uso, pale nywele zilipokuwa zikianzia zamani, akafunga faili langu. Hapo nilipaswa kuelewa. Mimi nikaenda kuinunua. Kwa miaka miwili nilikuwa sijavua kilemba mbele ya mtu yeyote isipokuwa Lugano na daktari huyo, hata mwezi wa tatu tulipomzika mama.

"Nina swali moja tu," nikaiambia kofia. "Unafanya kazi au hufanyi?"

"Nafanya," ikajibu bila majivuno. "Naamsha waliolala. Waliokufa si kazi yangu."

"Na nitajuaje nani amelala na nani amekufa?"

"Twende tukawaone," ikasema, ikachukua faili.

Tunafungua mlango wa bafu langu, na ndani ni wodi. Vitanda vimepangwa safu kwa safu kutoka kisogoni hadi kwenye paji la uso, na katika kila kitanda kuna unywele mmoja uliojifunika shuka. Najua bila kuambiwa kwamba hiki ni kichwa changu. Sakafu inainama kuelekea masikioni, kwa hiyo tunatembea tukijishikiza kwenye vitanda.

Nesi wa zamu ni kitana. Ni kile kitana chetu cha mbao cha nyumbani, kilichovunjika meno mawili. Kimevaa sare nyeupe na hakina furaha.

"Mmechelewa," kinasema. "Ndugu wa wagonjwa wote huja wakiwa wamechelewa."

Kofia inapiga hodi kitanda kwa kitanda. Huku nyuma wanaitikia kwa sauti kubwa, na mmoja anaomba aachwe apumzike. Katikati wanaitikia kwa kunong'ona. Wamekonda, wamekuwa wembamba mno, lakini wapo. Kofia inaandika: amelala, amelala, huyu naye amelala. Tunafika safu za mbele, na hakuna anayeitikia. Shuka zimetandikwa vizuri. Nainua moja na chini yake sikuti kitu, ila kovu dogo linalong'aa.

"Wajaribu na hawa," nikasema. "Labda ni usingizi mzito."

"Dada," kofia ikasema, kwa upole ulioniumiza kuliko ukali, "hawa hata nikiwamulika mwaka mzima."

"Basi waamshe wale wa katikati."

Hapo kitana kikanipa fomu. Sababu ya kifo: kuvutwa. Sehemu hiyo ilikuwa imeshajazwa. Chini yake paliandikwa: jina la anayevuta. Pale palikuwa patupu.

"Hatuwashi taa wakati mtu bado anavuta," kitana kikasema. "Ndiyo sheria ya wodi. Tukiwaamsha huku wanavutwa, watakufa wakiwa macho. Jaza jina, huyo mtu asimamishwe."

Nikaandika: Sijui.

Taa za wodi zikafifia. Katika safu ya nne kutoka mbele mgonjwa mmoja akakohoa, kisha akaacha kukohoa. Kitana kikaenda kumfunika shuka hadi juu.

"Tumeshafika safu ya nne," kikasema. "Wewe endelea tu kutojua."

Jamani, nilijua. Mikono ile niliijua kabla sijajua kusoma. Mama alikuwa mchuma chai, siku yake ya kupumzika ilikuwa Jumamosi peke yake, na sisi tulikuwa wasichana wawili wenye vichwa viwili vya kusukwa. Alitusuka kwa uzi mweusi, akakaza, akakaza tena, ili zikae wiki mbili. Nikitoka pale sikuweza kufumba macho sawasawa, na siku kadhaa nilitembea na sura ya mtu aliyepewa habari mbaya. Vipele vyeupe vilinitoka pembezoni mwa nywele. Nilipokuwa mtu mzima mwenye kazi yangu niliendelea kwenda kwake, nikikaa chini na kumpa kichwa, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine duniani ambapo mtu alinishika kichwa.

Sasa wodi ni jikoni kwetu Tukuyu. Ni Jumamosi, mvua inanyesha, na mama amekaa kwenye kigoda akiwa amevaa kitenge tulichomzika nacho. Mbele yake hakuna mtu, lakini mikono inasuka. Nyuzi zinatoka vidoleni mwake, zinakatiza sakafuni, zinapanda magotini pangu na kuja moja kwa moja hadi kwenye paji langu. Kila anapokaza, nasikia maumivu.

"Mama," nikaita.

"Tulia, nimalize."

Nikaigeukia kofia. "Mwamshe huyu. Achana na nywele, sizitaki tena. Mwamshe mama."

"Amelala?"

"Amelala," nikasema, nikiitazama usoni.

Kofia ile si ya kubishana na mgonjwa. Ikampanda mama kichwani, ikawasha vitaa vyake vyote. Tukakaa dakika ishirini na tano kamili, kitana kikishika saa. Uso wa mama ukawa mwekundu kwa juu tu, kama ukuta unaomulikwa. Nilimshika mkono, ukawa baridi kama ulivyokuwa mwezi wa tatu, na ukaendelea kusuka ndani ya mkono wangu. Muda ulipokwisha kofia ikashuka.

"Pole," ikasema. "Huyu hakulala."

Nikalia kwa sauti. Mazikoni sikulia hivyo, maana mazikoni nilikuwa nashikilia kilemba kisidondoke.

"Unalia nini, Tusekile?" mama akauliza bila kuinua macho. "Nimekaza sana?"

Swali hilo aliniuliza kila Jumamosi ya utoto wangu, na kila Jumamosi nilimjibu hapana, mama.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Umekaza sana."

Mikono ikasimama. Mama akaziangalia zile nyuzi, akazifuata kwa macho taratibu hadi zilipoishia kichwani kwangu.

"Mbona hukusema?"

"Niliogopa utaacha kunisuka."

"Niache kukusuka? Ningelegeza," akasema. "Mtoto gani wewe! Si ningelegeza tu, mwanangu." Akaivuta fomu kutoka mkononi mwangu, akaisoma, akanirudishia. "Andika jina langu. Mimi ndiye niliyevuta. Kwani uongo?"

Nikaandika majina yake yote matatu kwa mwandiko wangu mzuri kabisa. Sijawahi kuandika kitu kilichonichoma moyo namna ile. Mama akazikata nyuzi kwa meno, mmoja baada ya mwingine, mpaka ukabaki mmoja.

"Njoo nikufunge huu wa mwisho," akasema.

Nikakaa chini, katikati ya magoti yake. Nikasubiri maumivu, hayakuja.

Taa zinawaka. Ni wodi tena. Katika vitanda vya katikati wanageuka wachache, wawili, watatu, wanauliza ni saa ngapi. Safu za mbele ziko vilevile, shuka zimenyooka. Nakiuliza kitana mlango wa kwenda jikoni uko wapi. Kinaniambia upande ule haujawahi kuwa na mlango.

Kofia ikalia pi, pi, pi, kuonyesha muda umekwisha, nikaamka. Bado ilikuwa mchana. Lugano alikuwa amesimama karibu yangu na sahani ya magimbi. Akaweka sahani mezani, akanivua kofia, kisha akaganda.

"Dada, umesukwa lini?"

"Sijasukwa. Nani anisuke?"

"Na hiki ni nini?"

Akaniinamisha kichwa. Nyuma ya sikio la kushoto, kwenye kijinywele kisichofika nusu ya kidole, palikuwa na uzi mweusi umezungushwa. Nyumbani kwangu hakuna uzi wa kusukia. Sijawahi kuununua, kwa kuwa siku zote ulikuwa wa mama.

Lugano akavaa miwani yake. Akauchunguza uzi kwa karibu, nikisikia pumzi yake shingoni.

"Mizunguko miwili, halafu umekatwa kwa meno," akasema. "Fundo hili ni la mama." Akaligusa kwa ncha ya kidole, likateleza kidogo bila kuniuma. "Hapana, si lake. Mama hakuwahi kulegeza namna hii."

"Hakuwahi kuambiwa," nikasema, nikamwomba auache ulivyo.