Kilichosimama Shambani

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ndevu za mahindi ya Kabale zilikuwa zimenyauka na kugeuka kahawia. Kabale alishika hindi moja, akalipasua ganda kidogo upande wa juu, akabonyeza punje kwa ukucha. Maji meupe kama maziwa yalimrukia kidoleni. Yangekuwa angavu, angengoja. Yangekuwa mazito kama uji, angekuwa amechelewa.

Alianza kuvuna katikati ya shamba, mahali ambapo mtu aliyepita njiani asingeliona pengo.

Hayakuwa mahindi ya ugali. Githae, mwenye duka la mbegu na dawa za mifugo mjini, aliagiza mbegu hizo kwa ajili ya hoteli moja ya watalii. Hoteli ikageuza mawazo, mifuko ikabaki rafuni, naye akamuuzia Kabale kwa bei ya kuiondoa. "Hii ni mahindi tamu, Mama Ikra," alimwambia siku hiyo. "Lakini ina haraka. Ukivuna leo, pika leo. Ukiiacha ikauke kwa shina kama ile ya kawaida, itakunjamana kama uso ya mzee."

Mwaka uliopita Kabale alikuwa amepanda nusu ya mbegu na kujifunza haraka hiyo. Mahindi yalichemshwa yakiwa bado na joto la shamba, yakatumbukizwa kwenye maji baridi, kisha kila hindi likasimamishwa kwenye sinia na punje kukatwa kwa kisu kutoka juu kwenda chini. Punje zilitandazwa juu ya chandarua kikuukuu, chini yake mabati, mpaka zikalia kama kokoto. Mwishowe aliziweka kwenye vibuyu alivyovifukiza kwa kijinga cha ejersa, mti uleule ambao mama yake alifukizia vibuyu vya maziwa. Mama yake hakuwahi kulima hata mstari mmoja. Alijua kuhifadhi maziwa na nyama. Ukame ulipomaliza ng'ombe, Kabale aliuchukua ujuzi huo na kuuleta kwenye mahindi. Punje za mwaka uliopita zilimfikisha hadi mvua.

Ilikuwa kazi ya mikono mingi. Mwaka uliopita mke wa jirani yake Abshir alichochea moto, wanawake wawili wa shamba la chini wakakata punje, na kisu kilikuwa hakipumziki wala midomo. Sasa mashamba hayo yalikuwa matupu. Vigingi vya saruji vya barabara mpya, vyenye vichwa vyekundu, vilipandwa kuanzia mferejini hadi upande wa Chechelesi, na majirani waliondoka mmoja mmoja, wengine wamelipwa, wengine wakiwa na ahadi tu. Mahat, mume wake, alikuwa kaburini. Ikra, binti yao, alikuwa Riyadh akilea watoto wa watu. Kabale alichochea moto, akaenda kukata, akarudi kuchochea. Hindi lililongoja kisu lilikuwa likipoa.

Pikipiki ya Tadicha, naibu wa chifu, ilisimama uani sufuria ikiwa inatokota.

"Salaam aleikum, Mama Ikra."

"Aleikum salaam, naibu. Karibu."

Tadicha hakukaa. Aliitazama sufuria. "Unafanya nini?"

"Napika."

"Mtu mmoja, sufuria ya arusi?"

Kabale alisukuma kuni ndani.

"Mama Ikra, siku ya baraza ulikuwa?"

"Nilikuwa."

"Nilisema nini?"

"Ulisema mthamini anakuja."

"Na nini tena?"

"Tusivune."

"Sasa." Tadicha alichuchumaa, akaongea polepole kama mtu anayemfundisha mtoto sala. "Hii shamba haina hati. Hakuna mtu huku ako na hati. Kwa hivyo hawalipi shamba. Wanalipa kile kimesimama juu ya shamba. Nyumba imesimama, inalipwa. Mti umesimama, unalipwa. Mahindi imesimama, inalipwa. Hii iko kwa sufuria ni chakula yako. Nani atalipa chakula yako?"

"Atakuja lini?"

"Wiki hii."

"Wiki ile ingine ulisema wiki hii."

"Ile ilikuwa wiki ile. Sasa ni hii."

"Hii mahindi haiwezi kungoja, naibu."

"Mahindi ni mahindi." Alicheka, bila ubaya. "Ikikauka ndiyo inakuwa mahindi. Ama kwenu munahifadhi ikiwa mbichi kama nyama?"

Tadicha aliinuka, akajipangusa magoti.

"Mahat alikuwa mtu yangu. Mthamini akifika ataniuliza, hii boma ni ya nani. Hana mtu mwingine wa kuuliza. Nataka niseme jina yako bila kumeza mate. Usinifanye nimeze mate." Alipotaka kupanda pikipiki alinusa hewa, akarudi, akachukua hindi moja kutoka majini na kuling'ata. Alitafuna huku amefumba macho. "Wallahi hii ni sukari. Nifungie ya watoto."

Kabale alimfungia. Alikata yale yaliyokuwa yameshachemka, akayatandaza. Yalijaza kibuyu kimoja. Mengine aliyaacha yamesimama.

Hesabu yake ilikuwa hii. Akivuna, atakula mpaka mvua ya mwakani, lakini hatakuwa na mahali pa kulia hicho chakula. Akiacha, atalipwa, na malipo yatamnunulia kiwanja cha chumba kimoja Ngaremara, ambako binamu yake huuza chai kando ya barabara. Alichagua kuacha.

Kila asubuhi alibonyeza punje. Maziwa yalizidi kuwa mazito.

Siku moja, mthamini akiwa bado hajafika, Ekaale alileta miche ya miembe. Ekaale alikuwa Mturkana wa mkokoteni. Mjini walimjua kwa sababu ya magurudumu yake, ambayo hayakuwahi kupakwa mafuta. Aliipakua miche kwenye shamba lililokuwa la Abshir. Shamba hilo sasa lilisemekana kuwa la shemeji yake Tadicha, mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Ekaale alichimba mashimo kwa mstari ulionyooka, akashusha mche mmoja mmoja, akafukia.

Kabale alisimama kwenye ua wa miiba. "Ekaale, hujatoa karatasi."

Mizizi ya kila mche ilikuwa bado imefungwa ndani ya karatasi yake nyeusi ya nailoni.

"Nimeambiwa nisitoe."

"Itakufa."

"Si leo." Ekaale alijifuta jasho. "Mimi ni wa kusukuma, Mama Ikra. Swali ni ya wenye miti." Kisha akaongeza, akitabasamu kwa upande, "Hii miembe imetembea kuliko mimi. Juzi ilikuwa kwa kiwanja ya nyuma ya soko."

Alifungua maji ya mfereji yaelekee upande huo. Siku hiyo maji hayakufika kwa Kabale, wala siku zilizofuata.

Ijumaa Ikra alipiga simu. "Vuna, mama," alisema kabla Kabale hajamaliza kueleza. "Hao watu vuna uwaachie mabua." Kabale alianza kumjibu, lakini kule Riyadh sauti ya mwanamke iliita kwa Kiarabu na simu ikakatika. Aliishika mkononi hadi kioo kikazimika. Kutoka mjini adhana ilisikika kwa uwazi kuliko zamani, kwa kuwa katikati hapakuwa na watoto wa majirani wala mbwa wao.

Jumatatu alichukua mahindi mawili na kwenda dukani kwa Githae. Githae aliyamenya juu ya kaunta. Punje zilikuwa zimeanza kubonyea katikati. Alibonyeza moja, haikutoa kitu.

"Imeenda, Mama Ikra. Si nilikuambia ina haraka?"

"Uliniambia. Nilikatazwa."

Githae aliyakusanya maganda juu ya kaunta.

"Mthamini akija, utamwambia ni aina gani? Wewe ndiye unaijua."

Githae aliangalia nje. Kwenye fremu ya mlango wake palikuwa na alama nyekundu ya rangi, mbichi kiasi kwamba ilikuwa imechuruzika. "Wanasema barabara inaweza kula hii duka mpaka hapa kwa kaunta," alisema. "Ama inaweza kupita hapo nje tu. Na ni Tadicha anaonyesha mwenye mashine ya kupima mahali plot inaishia. Unaelewa, mama."

"Naelewa."

Aliinama chini ya kaunta, akatoa mfuko mtupu wa mbegu wenye picha ya hindi nono la manjano. "Beba hii. Usiseme nimekupa."

Mthamini alifika Alhamisi saa tatu asubuhi. Aliitwa Wambugu, alikuwa na kofia, buti safi, na msaidizi kijana aliyeitwa Sheila, ambaye alibeba tableti kifuani kama sinia. Tadicha alikuwa nyuma yao.

"Habari, mama."

"Mzuri. Karibuni."

"Hii boma ni ya nani?" Wambugu alimuuliza Tadicha.

"Ya marehemu Mahat. Huyu ni bibi yake," Tadicha alisema. Hakumeza mate.

Nyumba ilipimwa. Ukuta wa udongo, mabati, choo. Kisha Wambugu akaingia shambani. Mabua yalikuwa yamepauka. Bila maji ya mfereji yalikauka upesi kuliko mwaka uliopita. Alivunja hindi, akamenya. Punje zilikuwa zimesinyaa na kukunjamana, nyembamba kama kucha. Alivunja la pili, mbali kidogo, kisha la tatu.

"Hii ilishindwa," alisema. "Hazikujaa. Jua ilizipiga."

"Zilijaa," alisema Kabale. "Ilikuwa na maziwa. Hii ikikauka ndiyo hukaa hivyo. Ni mahindi tamu." Alimpa ule mfuko.

Wambugu alitazama picha, akatazama hindi mkononi, akamrudishia mfuko. "Mama, picha ya mfuko haiwezi kuwa mazao. Mimi naandika kile naona."

"Ungekuja ikiwa mbichi ungeona."

"Tumekuja kwa tarehe yetu. Tulichelewa kidogo tu, gari ilikuwa na shida."

"Sir," Sheila alisema, "huku chini shina ni nono. Mahindi ya kushindwa haikuangi na shina kama hii. Tunaweza kuweka aina ingine?"

"Iko wapi hiyo aina ingine hapo kwa tableti?"

Sheila alitelezesha kidole. "Haiko."

"Basi."

Kabale alikuwa ameingia ndani. Alitoka na kibuyu na bakuli la maji ya moto. Alimimina kiganja kimoja cha punje ndani ya maji. Zilizama, ndogo, zimekunjamana sawa na zile za shambani. Harufu ya moshi wa ejersa ilipanda.

"Hizi ni za shamba hii hii. Nilivuna kabla naibu hajanisimamisha. Ngoja zijae, utaona."

Tadicha alitazama viatu vyake.

"Zinajaa kwa muda gani?" aliuliza Wambugu.

"Mpaka alasiri."

Wambugu alitabasamu kwa uchovu. Hakuwa mtu mkali. "Mama yangu, tuna mashamba mpaka upande wa Leparua. Nikikaa hapa kungoja punje, nitamaliza lini?" Alimgeukia Sheila. "Weka nyumba, weka choo. Mazao, hakuna."

Sheila aliweka.

"Choo na nyumba ya udongo inanunua nini Ngaremara?" Kabale aliuliza. Aliuliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza bei. Wambugu alisema hiyo ilikuwa swali ya ofisi. Tadicha alisema, "Pole, Mama Ikra. Hata mimi nilidhani mahindi ni mahindi," na uso wake ulionyesha kwamba alikuwa akisema kweli.

Walivuka ua na kuingia shamba la pili, lile lililokuwa la Abshir. Miembe ilikuwa imesimama kwa mstari, majani yake yanang'aa kwa maji ya mfereji. Wambugu alipita mbele ya kila mmoja akiuhesabu kwa sauti, na Sheila akifuata kwa kidole. Hakuna aliyeinama. Tadicha alisema shemeji yake alikuwa mpenzi mkubwa wa miti. Gari liliwashwa.

Kabale alibeba bakuli ndani, akalifunika kwa sinia. Alirudi shambani na kuvuna yote yaliyobaki, mstari kwa mstari, akayarundika mlangoni. Mbuzi hakuwa nao. Alikaa kando ya rundo, akaanza kumenya, kisha akaacha.

Baada ya swala ya alasiri alifunua bakuli. Maji yalikuwa yamepungua. Punje zilikuwa zimejaa, za manjano, zimebanana hadi ukingoni.

Magurudumu yasiyo na mafuta yalisikika njiani. Ekaale alikuwa akitoka shamba la pili. Juu ya mkokoteni ilikuwa miembe yote, imesimama, kila mmoja ndani ya karatasi yake nyeusi.

"Unaipeleka wapi?"

"Upande ya Leparua. Watu wa kuhesabu wanafika huko kesho." Alisimama kupumua. Kabale alimletea bakuli. Ekaale alichota kwa vidole, akatafuna, akamtazama.

"Tamu," alisema. "Umenunua wapi?"

Kabale aliinua kidevu kuelekea mabua.

Ekaale alitazama mabua, akatazama rundo la mlangoni, akarudisha bakuli mikononi mwa Kabale. Alishika mikono ya mkokoteni na kusukuma. Penye kona, gurudumu liliingia shimoni na mche mmoja ukaanguka. Alirudi, akauokota, akaukung'uta vumbi majani, akaurudisha mahali pake.