Mikono Mirefu, Mikono Mifupi

Kitambaa kilikuwa na mwezi wa tano sasa juu ya rafu, kimekunjwa mara nne, kimefunikwa gazeti kisishike vumbi. Kila asubuhi fundi alikiteremsha, akakitandaza mezani, akachora mstari kwa chaki, akautazama, akaupangusa. Kisha akakirudisha.

"Utakitoboa kwa kukipangusa," alisema Bi Mkasi, mwenye duka, bila kuinua macho kwenye cherehani yake. "Kina kosa gani hicho kitambaa?"

"Sijajua mikono."

"Mikono unayo miwili, binti. Nimeihesabu mwenyewe."

Fundi alicheka kwa pumzi tu. Hakuwa mtu wa maneno. Kumtoa neno ilikuwa kazi kubwa kuliko kutunga uzi kwenye sindano gizani. Lakini Bi Mkasi alijua vizuri shida iko wapi. Kitambaa kile kilikuwa cha gauni la harusi, na harusi yenyewe ilikuwa ya fundi. Ikifungwa kule kwa mchumba wake itakuwa kwenye baridi, na gauni litataka mikono mirefu yenye bitana. Ikifungwa hapa, mikono mirefu itamchemsha bibi harusi kama chai. Na kitambaa hakikatwi mara mbili.

Mchumba mwenyewe alikuwa fundi wa lifti. Alikuja kutoka nchi ya mbali kufunga lifti katika hospitali mpya, akakaa miezi kumi, na siku moja akaingia dukani na ovaroli iliyochanika goti. Kiswahili alijifunza kwa wabeba saruji. Siku ya kwanza kupelekwa nyumbani alimsalimia mama wa fundi, "Vipi, bosi, mambo?" na Mama akacheka mpaka ikabidi ashikwe. Tangu hapo nyumba nzima ilimwita Bwana Lifti. Kazi ilipokwisha alirudi kwao, akamwacha fundi na pete pamoja na rundo la fomu.

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza, fundi aombe viza ya mchumba, aende, wafunge ndoa kule ndani ya siku tisini. Zikipita bila ndoa, arudi alikotoka. Akishaolewa hataruhusiwa kufanya kazi wala kutoka nje ya nchi ile mpaka kadi yake itoke, na kadi hutoka lini, hakuna aliyejua. Ya pili, wafunge ndoa hapa, kisha aombe viza ya mke na kukaa kusubiri, mume kule, mke huku, mwaka mzima, pengine na nusu.

Hiyo ya pili Bwana Lifti aliifuta mapema. Alikuwa amesoma kwenye simu yake kwamba hapa tangazo la ndoa lazima likae ubaoni siku ishirini na moja, naye likizo yake ni siku kumi na nne.

"Hesabu inakataa, Fundi," alisema.

"Sawa," fundi akajibu.

Alikuwa amesema sawa mara nyingi mno. Ambalo hakulisema lilikuwa Mama. Mama alikuwa akitoka kitandani mpaka mlangoni kwa kushika ukuta, na katikati hupumzika kwenye kiti. Kupanda ndege lilikuwa jambo la kuchekea tu.

"Niletee picha," Mama alikuwa akisema. "Nitaibandika pale mbele, nikikohoa niione." Kisha hugeukia ukutani, na fundi husimama, akapanga vikombe vilivyokwisha kupangwa.

Siku ya mahojiano ubalozini ilifika. Fundi alibeba faili lenye fomu, barua, orodha ya simu walizopigiana, na picha. Picha zilikuwa chache kwa sababu wote wawili walikuwa waoga wa kamera. Nzuri ilikuwa moja tu, nakala ya ile iliyobandikwa kwenye mlango wa duka: fundi ndani ya gauni jeupe, Bwana Lifti kando yake ndani ya suti nyeusi. Dukani alifundishwa kwamba nguo nzuri ndiyo inayotangulizwa dirishani. Basi akaitanguliza, ikawa ya kwanza kabisa kwenye faili.

Afisa, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo, alifungua faili, akatua hapo hapo.

"Umeomba viza ya mchumba."

"Ndiyo, mama."

"Ya mtu ambaye bado hajaolewa." Akaigeuza picha imwelekee fundi. "Sasa hii ni nini?"

Fundi akaiinamia picha.

"Dada, nisikilize. Kama mmeshaoana, umeomba viza isiyo yako, na fomu umejaza uongo. Kama hamjaoana, nieleze harusi hii ni ya nani."

Masikio yalimwaka. Nyuma yake mtu alikohoa. Akawaza kwamba ataondoka pale kama mwongo kwa sababu tu ya ulimi mzito, na hapo macho yake yakaangukia bega la gauni kwenye picha, na bega lile alilijua.

"Tazama bega, mama," alisema polepole. "Limeshuka hapa. Gauni si saizi yangu, ni la mteja. Mwenye duka alitaka picha ya tangazo na mteja akakataa kupigwa. Nyuma nimebanwa kwa vibanio vya kuanikia nguo, kumi na moja. Na yeye suti si yake, suruali haina pindo. Tazama miguuni."

Afisa akavaa miwani. Chini ya suti ile ya fahari kulikuwa na mabuti ya kazini, meupe kwa saruji.

Mdomo wa afisa ulicheza kidogo, ukatulia. "Nimekusikia. Lakini mimi siweki maelezo kwenye faili, naweka karatasi. Niletee barua ya mwenye duka, na cheti kutoka kwa msajili wa ndoa kwamba huna ndoa. Cheti halisi, si nakala. Siku kumi. Zikipita, ombi linafungwa."

Bi Mkasi aliposikia alitoka nje na kuibandua picha mlangoni kwa kucha. "Tangazo langu limeleta mteja mmoja tu, tena mteja mwenyewe ni ubalozi," alisema, akakaa kuandika barua, akaichana, akaandika nyingine.

Kwa msajili ilikuwa nenda rudi. Vitabu vilipaswa kupekuliwa, mpekuzi alikuwa anaumwa jino. Siku ya tatu, bado. Siku ya tano, bado. Dukani fundi alishona zipu juu chini, akaifumua, akaishona tena juu chini. Nyumbani alikula amesimama.

"Kaa chini, unanizungusha kichwa," Mama alisema.

"Nimekaa kutwa nzima, Mama."

"Umekaa kwa makalio tu. Roho haijakaa tangu Jumatatu."

Siku ya tisa cheti kikatoka. Karani wa msajili, kijana mwenye shati lililofungwa vifungo mpaka kooni, alikigonga muhuri na kukisukuma chini ya kioo. Fundi alikisoma mara mbili, akageuka kwenda, na ukutani akaona ubao wa matangazo ya ndoa. Hakuwa na haraka ya kusoma, lakini macho yalishika moja: bibi harusi wa hapa mjini, bwana harusi mwenye anwani ya ng'ambo.

Akarudi dirishani. Ilimchukua muda kuanza.

"Kaka, samahani. Huyu bwana pale ubaoni, yuko hapa?"

"Hayupo. Atakuja wiki ya ndoa."

"Na tangazo?"

"Tangazo halimsubiri mtu, dada. Mmoja wenu akiwa mkazi wa hapa anatosha kuliweka. Mwenzako atume cheti chake kwamba hana ndoa, na nakala ya pasipoti. Akifika, anasaini, mnaoana."

"Siku ishirini na moja?"

"Zinahesabika hata kama yuko mwezini." Karani akatazama saa. "Kila siku nawaambia watu, na kila siku wanakuja wameshasoma kwenye simu."

Cheti cha Bwana Lifti alikuwa nacho. Kilikuja na zile fomu za mwanzo, kimo ndani ya faili alilolikumbatia. Nakala ya pasipoti pia. Miezi mitano alikuwa akitembea nazo kwapani.

"Na cheti changu hiki?"

"Ukiweka tangazo kinabaki hapa. Ukitaka kingine, wiki moja. Jino likikubali."

Kesho ilikuwa siku ya kumi. Karatasi ilikuwa moja, na madirisha yalikuwa mawili.

Alitoka nje, akakaa kwenye benchi, akasimama, akapiga simu. Bwana Lifti alipokea akiwa kazini. Sauti yake ilikuja na mwangwi, kama mtu aliye ndani ya pipa.

"Fundi. Cheti kimetoka?"

"Kimetoka."

"Safi sana. Kesho unapeleka."

Hapo ndipo lilipokuwa pengo la kusema sawa. Fundi aliliona, akaliruka. Akamweleza habari za tangazo, neno moja baada ya jingine, kama mtu anayeshona kwa mkono. Upande wa pili chuma kiligongana na chuma.

"Lakini ni mwaka, Fundi. Labda zaidi. Mimi huku, wewe huko. Viza ya mchumba, miezi miwili uko hapa."

"Najua."

"Nimepaka rangi chumba."

Hilo lilimchoma. Akatembea mpaka mwisho wa veranda, akarudi. "Nataka Mama aone," alisema. "Si kwa picha."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa umeshapiga hesabu."

"Ningepiga tena." Sauti ilikuwa ya mtu aliyeumia. "Mimi sikumhesabu Mama. Wewe unajua kwamba sikumhesabu, na unanyamaza miezi mitano."

"Ndiyo. Nisamehe."

"Nipe dakika kumi."

Simu ikakatika. Fundi alihesabu vigae vya veranda, akapoteza hesabu, akaanza tena. Watu walianza kutoka ofisini kwenda kula. Ndani, karani alivuta pazia la dirisha la kwanza. Dakika kumi zikapita, zikawa kumi na tano. Akawaza kwamba sasa amepoteza njia zote mbili, na mtu wake pia. Faili lilikuwa limelowa jasho pembeni.

Simu ikatetemeka. Ujumbe ulikuwa mfupi, wa Kiswahili kile kile cha wabeba saruji: "Likizo naomba kuanzia tarehe gani? Sema haraka, bosi anaenda kula. Na mimi bado nina hasira kidogo."

Fundi aliingia karibu akimbie. Karani alikuwa ameshika pazia la dirisha la mwisho.

"Tumefunga kwa chakula, dada."

"Hujafunga," fundi alisema, akashangaa kusikia sauti yake mwenyewe. "Mkono wako bado uko huku." Akasukuma vyeti vyote viwili chini ya kioo.

Jioni Mama alisikiliza mpaka mwisho akiwa kwenye kiti chake cha katikati ya njia. "Mwaka mzima mume wa kwenye simu?"

"Mume wa kwenye simu, Mama."

"Na wakikunyima hiyo ya mke?"

"Sijui."

Mama aliutazama mlango, akapima kwa macho. "Basi siku hiyo mniweke karibu na mlango tangu asubuhi," alisema. "Mwendo wangu unaujua, nisije nikafika mmeshakula."

Kesho yake, saa ambayo dirisha la ubalozi lilikuwa linafunguliwa, fundi alikuwa dukani. Aliteremsha kitambaa, akakitandaza, akachora mstari. Tarehe ya likizo aliyomtumia Bwana Lifti ilikuwa bado haijajibiwa na bosi wa kule, na ilibidi aweke simu mbali ili aache kuitazama.

Bi Mkasi alisimamisha cherehani. "Mifupi?"

"Mifupi."

Akakata, bila kupangusa. Mkasi ulipofika mwisho aliyaokota mabaki, akayapima kwa futi yake ya shingoni, akayapima mara ya pili. Kisha akayakunja mara nne, akayafunika gazeti, akayarudisha juu ya rafu. Yalitosha mikono mirefu.