Gumbo ya Mifupa ya Batamzinga

Ijumaa asubuhi, siku ya pili ya Sikukuu ya Shukrani, Orelia Malveaux alikaa kwenye stuli ya jikoni akamchambua batamzinga wa jana. Nyama nyeupe aliiweka kwenye bakuli la bluu, nyama nyeusi kwenye kopo lililowahi kuwa la siagi, na mifupa yote, pamoja na shingo na mabawa ambayo wajukuu wa Earline walikuwa wameyatafuna nusu, aliitumbukiza katika sufuria kubwa ya chuma. Alikuwa bado amevaa gauni la kulalia. Alikwisha kulifungua dirisha la juu ya sinki na kulifunga, na sasa alikuwa akilifungua tena.

"Utaling'oa hilo dirisha," alisema Earline, mdogo wake, aliyekuwa mezani akikata vitunguu. "Ama ulifungue, ama ulifunge."

"Mtoto alisema atatoka Houston alfajiri."

"Basi yuko njiani. Dirisha halimleti yeye."

Hilo lilikuwa kweli. Dirisha lilikuwa la kumleta Ferris.

Ferris alikuwa mtoto wa pekee wa Orelia, na alikuwa amefungwa maisha katika gereza lililo katikati ya mashamba, mbali upande wa kaskazini. Hakutoka humo isipokuwa siku hii moja ya mwaka. Ilianza mwaka uliofuata hukumu yake. Orelia alipika gumbo ya mifupa, mchuzi mzito unaoliwa kwa wali, kama ilivyopikwa siku hiyo katika kila nyumba ya Prairie Soleil, akafungua dirisha kwa sababu ya joto, na mvuke ulipovuka uwanja na kufika barabarani, Ferris aliingia kwa mlango wa nyuma akiwa na sare za gereza, akapangusa viatu. Mama yake alimwambia anawe mikono. Tangu hapo alikuja kila mwaka, akakaa kwa kadiri gumbo ilivyokuwamo sufuriani. Upawa wa mwisho ukishapakuliwa na kuliwa, hakuwapo tena, na kiti chake kilikuwa na joto kidogo. Gereza lilikuwa na habari. Lilimtuma na askari, kwa kuwa kanuni zinakataza mfungwa kusafiri peke yake.

Kierra, binti wa Ferris, alikuwa tumboni siku ya hukumu. Mama yake alimhamishia Texas na kumlea akimwambia kwamba baba yake yuko kazini baharini, kwenye visima vya mafuta. Alikuwa mtu mzima alipojua ukweli, na hakuwahi kumshika baba yake hata mkono. Mwezi wa Oktoba alimpigia bibi yake simu akasema anataka kuja siku ya gumbo, na anataka kumkuta.

Orelia alitia mafuta na unga katika kikaango, akashika mwiko kwa mkono wa kulia na rozari kwa mkono wa kushoto. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na mama yake. Ijumaa ni siku ya Matendo ya Uchungu. Mwisho wa kumi la kwanza la Salamu Maria unga huwa na rangi ya mchanga, la tatu rangi ya karanga, na la tano likiisha lazima uwe kama kahawa isiyo na maziwa. Mwenye kuharakisha sala hupata gumbo nyepesi. Mwenye kusinzia huunguza unga, na unga ulioungua hata chembe moja humwagwa wote. Siku hiyo Orelia alifika kumi la nne akagundua kwamba vidole vyake vilikuwa vimekaa kwenye punje moja muda mrefu, kwa sababu masikio yake yalikuwa kwenye simu.

Simu ililia wakati vitunguu, selari na pilipili hoho vikichachatika kwenye unga.

"Bibi, tumesimama," alisema Kierra. "Kuna lori limelala darajani hapa Lake Charles. Watu wamezima injini, wengine wameshuka wanapiga picha."

"Wewe usishuke, mwanangu."

"Nishuke niende wapi, Bibi? Niogelee?"

"Tutakungoja."

Orelia aliweka simu chini. Earline alikuwa akimtazama.

"Tutakungoja," Earline alisema. "Na hiyo sufuria nani ameiambia?"

Orelia aliwaza kulifunga dirisha mpaka Kierra avuke daraja. Lakini alikwisha kulijaribu hilo mwaka mmoja, alipokuwa akimngoja padri. Mvuke uliongojeshwa ulikaa darini ukadondoka, na Ferris alikuja sauti tu. Walikula naye hivyo, sauti ikiomba chumvi. Kwa hiyo alimimina unga ule mweusi kwenye supu ya mifupa, akatia nyama na soseji za moshi, akalisukuma dirisha likafunguka kabisa, akafanya ishara ya msalaba.

Ferris aliingia saa sita na nusu, akapangusa viatu. Nyuma yake aliingia askari mnene aitwaye Mouton, akiwa na kofia mkononi.

"Mama," alisema Ferris.

"Mikono."

"Mtoto amefika?"

"Yuko darajani."

Ferris alinawa mikono. Alinawa tena. Alikaa, akainuka, akaenda kusimama kwenye dirisha la mbele, ambako barabara ilionekana mpaka kwenye mashamba ya mpunga. Nywele zake zilikuwa nyeupe zaidi ya mwaka jana.

"Mimi mnipe bila wali," alisema askari Mouton. "Daktari amenikataza, kwa ajili ya sukari."

"Na saladi ya viazi?" Earline aliuliza.

"Saladi hakuitaja."

Dirisha lile lililomwita Ferris liliita na watu wengine. Katika Prairie Soleil mtu akija na bakuli Ijumaa hiyo haulizwi neno. Hupakuliwa upawa mzima juu ya wali na kupewa kiti au kusindikizwa mpaka mlangoni. Nyumba iliyomnyima mtu gumbo ya mifupa isingethubutu kuketi viti vya mbele kanisani. Walikuja akina Lemelle wa jirani na watoto wao wote. Alikuja mama mwenye saluni, akiwa na bakuli lake na la mgonjwa wake. Kila mmoja alimsalimu Ferris, akamwuliza hali, akamwambia amekonda. Orelia alipakua, na kila alipopakua alichungulia sufuria, kisha simu, kisha barabara.

Saa tisa Kierra alipiga tena. Lori lilikuwa limeinuliwa, lakini magari yalikuwa yakitembea kama bata.

Ndipo Orelia alipotia maji. Alifanya hivyo akiwapa wengine mgongo, birika moja la maji ya moto, akakoroga upesi. Earline alimwona.

"Dada. Gumbo haiongezwi maji ikishaiva. Mama angekuchapa na huo upawa."

"Mama hakuwa na mtoto darajani."

Mara ya kwanza haikuonekana sana. Baada ya birika la pili, kalenda ya duka la dawa iliyotundikwa ukutani ilianza kusomeka kupitia shati la Ferris. Askari Mouton alitazama magoti yake, akaona kupitia kwayo sakafu ya jikoni.

"Bi Orelia," alisema kwa upole, "mimi nina watoto wanaosoma. Naomba maji yatoshe."

"Samahani, baba."

"Siyo kwamba nalalamika. Ila hata hii soseji naona inanipita tu."

Ferris aliendelea kusimama dirishani, na jua la alasiri lilipita ndani yake na kuangukia zulia.

Mtu aliyekuja baada ya hapo alikuwa Harlan Doucet. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya barabara kuu, na alikuwa hajawahi kukanyaga uwanja wa Orelia. Alisimama mlangoni akiwa na bakuli la udongo lenye maua, bakuli la mkewe, ambaye alizikwa wakati wa joto.

"Bi Orelia," alisema. "Harufu imefika kwangu. Mwaka huu sikupika."

Kila mtu mle jikoni alijua kwamba Doucet alikuwa mmoja wa wananchi kumi na wawili walioketi kuamua kesi ya Ferris. Mwenye duka aliuawa kwenye barabara kuu usiku ambao Ferris alikuwa hapa hapa, amelala chini ya jiko akilitengeneza. Wawili kati ya wale kumi na wawili walisema hakuhusika. Wakati ule, katika jimbo la Luiziana, kumi walitosha kumfunga mtu maisha. Baadaye wananchi walipiga kura, sheria hiyo ikafutwa, lakini wengi waliokwisha kufungwa nayo waliachwa walipo, na Ferris alikuwa mmoja wao.

Orelia alitazama ndani ya sufuria. Palikuwa na pawa tatu, labda na nusu. Moyoni alisema Baba Yetu, na alipofika mahali pa kusamehe alirudia mwanzo. Alirudia tena. Kisha alichukua bakuli lenye maua, akatia wali, akapakua upawa mzima.

"Kaa," alisema.

Doucet alikaa, na kiti kilichokuwa wazi kilikuwa kando ya kiti cha Ferris. Ferris alitoka dirishani akaja kukaa pia.

"Ferris."

"Bwana Doucet."

"Umekuwa mwembamba."

"Ni maji," alisema Ferris.

Doucet alikula kwa utulivu, kama mtu aliyekaa siku nyingi akila vya kopo. Alipofika nusu alianza kuzungumza, macho yakiwa kwenye bakuli.

"Ilikuwa Jumatano," alisema. "Kesho yake ndiyo sikukuu. Jaji alisema tusipopatana tutarudi Ijumaa. Mke wangu alinitumia salamu kupitia karani kwamba batamzinga bado yuko kwenye friza na yeye hawezi kumwinua peke yake. Tukapiga kura, tukawa wanane. Mtu mmoja akasema yeye ana safari ya Arkansas. Tukapiga tena, tukawa kumi."

"Na wewe ulikuwa katika wale wanane?" aliuliza Earline. "Au katika waliofuata?"

"Waliofuata."

"Ulimwona ana hatia?"

Doucet alifikiri. Alikuwa mtu mkweli, na alitaka kujibu sawasawa.

"Sikuwa na hakika," alisema. "Nilikuwa na njaa."

Askari Mouton alishusha kijiko. Ferris alichukua chupa ya pilipili akaisogeza karibu na mkono wa Doucet, kwa kuwa Doucet alikuwa akiitafuta kwa macho.

"Asante," alisema Doucet, akanyunyizia. Alipomaliza aliinua bakuli. "Bi Orelia, imenikaa vizuri. Unaweza kuniongezea kidogo ya kula usiku?"

"Mpe na sufuria kabisa," alisema Earline. "Mpe na mapazia."

Orelia alimwongezea. Upawa mzima, maana hakujua kupakua nusu. Doucet alifunika bakuli kwa kitambaa, akawaaga wote kwa majina, Ferris akiwa wa mwisho, akavuka barabara kuu akitembea polepole ili isimwagike. Orelia aliuosha upawa kwa sabuni, akausuuza, akauosha tena. Kisha alitia birika la tatu, kwa sababu kilichobaki kilikuwa kimeanza kushika chini.

Kierra aliwasili jua likiwa limeshuka kwenye mpunga. Aliegesha gari vibaya, akaacha mlango wazi, akaingia kwa mlango wa nyuma kama mtu aliyezaliwa humo. Alikuwa na paji la uso la Ferris. Alimkumbatia bibi yake, akamkumbatia Earline, kisha akageukia mezani.

Ferris alikuwa amesimama. Sasa alikuwa kama pumzi kwenye kioo. Ukimtazama moja kwa moja uliona friji. Ilikubidi utazame kando kidogo ndipo umwone.

"Baba," alisema Kierra.

"Umekua," alisema Ferris.

Kierra aliunyosha mkono na Ferris akaunyosha wake. Mkono wa binti ulipita, ukatoka upande wa pili umelowa kidogo, kama uliopitishwa juu ya sufuria. Aliutazama. Aliunyosha tena, taratibu zaidi, na ikawa vile vile.

"Saa saba ungenishika," alisema Ferris. "Saa tisa pia, nadhani."

"Nilikuwa darajani."

"Najua, mwanangu. Kaa. Umekula?"

"Sijala tangu Houston."

Orelia alisimama mbele ya jiko. Baada ya Doucet walikuwa wamepita wengine wenye mabakuli, na sufuriani palikuwa na upawa mmoja. "Ngoja kwanza," alisema. "Zungumzeni kwanza. Mtakula baadaye."

"Mama," alisema Ferris. "Mtoto ametoka mbali. Mpakulie."

"Ferris."

"Sijawahi kumlisha hata siku moja."

Orelia alipakua. Ferris alimwelekeza ilipo saladi ya viazi, akamwambia atie kijiko kimoja katikati ya gumbo, hivyo ndivyo wanavyokula hapa, na Kierra akafanya hivyo. Alikula polepole sana. Katikati ya kijiko na kijiko alimweleza baba yake kuhusu kazi yake ya kusafisha meno ya watoto, kuhusu mbwa wake, kuhusu kijana mmoja ambaye hakuwa na hakika naye.

"Anajua kupika?" Ferris aliuliza.

"Mayai."

"Ni mwanzo."

Kierra alicheka, akala kijiko kingine. Gumbo ilikuwa nyepesi, lakini ladha ya mifupa ilikuwamo. Kwenye kona askari Mouton, ambaye hakuonekana tena ila vifungo vyake, alivaa kofia.

"Gumbo ya mama yangu haiwi hivi," Ferris alimwambia binti yake. "Usije ukadhani huwa hivi. Leo ilikuwa na wageni wengi."

"Ni tamu, Baba."

Kierra alibakiwa na punje chache za wali ndani ya bakuli. Alizitazama, akazizungusha, akamtazama Orelia.

"Maliza, zisipoe," ilisema sauti ya Ferris.

Akamaliza.

Earline alikwenda kufunga dirisha, maana baridi ilikuwa imeanza kuingia. Mbele ya viti viwili vilivyokuwa wazi palikuwa na vijiko viwili safi. Kabla ya sala ya jioni simu ililia, na alikuwa askari Mouton, akisema wamefika salama, wafungwa wamehesabiwa na hesabu imetimia.

"Asante kwa chakula, Bi Orelia. Nimerudia unene wangu. Ferris yuko kitandani kwake. Anauliza kama mtoto amemaliza bakuli."

Orelia aligeuka. Kierra alikuwa amesimama kwenye jiko, ameinamia sufuria, akiipangusa ndani kwa kipande cha mkate.

"Mwambie amemaliza," alisema Orelia.