Kitambaa cha Uzi Mwekundu

Asubuhi ile gari letu la dobi la kubebea shuka liliwaka kwa mara ya kwanza, likanguruma kama lina hamu ya kazi, likazima kabla sijafika getini. Nikaliacha lipumue kidogo. Nikaliwasha, likakubali, halafu likazima tena palepale.

Sikusoma sana, lakini usukani nimeushika tangu nina meno yote. Nikashuka, nikasema kwa sauti ya kufika mpaka kwenye meza za pasi: "Dizeli ina maji hii. Mtunza stoo anauza nzuri huko nje, sisi anatuletea makapi. Na wakubwa wanajua."

Wanawake wa kupiga pasi wakacheka. Meneja hakucheka; alikuwa dirishani, amesikia yote. Akamwita mtunza stoo aende ofisini na funguo zake zote. Pale kwetu, ukiitwa na funguo, hutoki nazo tena; kazi imeisha.

Sikumhurumia. Mke wangu alipozidiwa niliomba gari hilihili limpeleke hospitali. Nikajibiwa kwamba gari la shuka halibebi wagonjwa. Shuka za wagonjwa linabeba, mgonjwa mwenyewe halibebi. Amri ilitoka juu, lakini mdomo ulioniletea ulikuwa wa mtunza stoo. Tangu nimzike mke wangu, sura ya yule bwana ilikuwa inanikaba kama mfupa.

Fundi akaja. Tunamwita Kifimbo kwa wembamba wake.

"Mzee, mgonjwa anasumbuliwa na nini?"

"Anasumbuliwa na viongozi."

"Hiyo sina spana yake," akasema, akafungua boneti.

Alianza na chujio la mafuta. Akamimina yaliyomo kwenye chupa nyeupe, akaiinua juani. Dizeli ilikuwa safi, haina tone la maji chini.

"Watakuwa wamechanganya mafuta ya taa," nikasema.

"Mzee, subiri. Tusimzike mtu hajafa."

Akachukua kidumu, akakijaza dizeli ya stoo ileile, akakining'iniza kwenye boneti na kuunganisha mpira wake moja kwa moja kwenye pampu. Tukawasha. Gari likanguruma. Akaegemea mlango, akasimulia habari za mama mkwe wake hadi mwisho, na gari bado linanguruma.

"Umeona? Pampu nzima, mafuta hayana kosa. Tatizo liko tangini. Kuna kitu kinaelea mle. Injini ikivuta, kinakuja kuziba mdomo wa bomba. Ikizima, kinaachia. Ndiyo maana linawaka, linatoa salamu, linalala."

Nilipaswa kufikiri hapo. Sikufikiri. Nikasema wakubwa walinunua gari lenye tangi bovu.

Kifimbo akakunja waya kama ndoano, akauingiza pale pa kujazia mafuta. Akavua kwa muda mrefu, ulimi pembeni mwa mdomo. Kilichotoka kilikuwa kitambaa kimelowa, kimejikunja kama panya. Akakikamua, akakitandaza kwenye boneti mbele ya wanawake wa pasi waliokuwa wamesogea kutazama.

Kwetu kila kitambaa kina uzi pembeni. Buluu ni wa hospitali, kijani wa nyumba za wageni. Mwekundu ni wa matambara ya dereva, ili grisi isije ikarudi kwenye kitanda cha mgonjwa. Na dereva ni mmoja.

Mmoja wa wale wanawake, aliyekuwa akishonea cherehani moja na marehemu mke wangu, akagusa lile pindo kwa kidole. "Hii mishono ni ya dada," akasema, akarudi kazini.

Kifuniko cha tangi kilipotea zamani. Niliomba kingine, nikaambiwa nisubiri, nikachomeka tambara. Siku moja sikulikuta. Nikasema limepeperuka, nikachomeka jingine. Mke wangu aliniachia bunda zima, nami nikalitumia kama vile mshonaji bado yupo.

"Mzee," Kifimbo akasema taratibu, akifuta mikono, "yule bwana bado yuko ofisini."

Nilitamani aende yeye. Nilitamani gari lizime tena kwa sababu nyingine yoyote. Nikakichukua kile kitambaa, nikaenda nacho kikinidondokea kwenye viatu.

Mtunza stoo alikuwa amesimama. Funguo zilikuwa mezani, upande wa meneja.

"Dizeli haina kosa," nikasema. "Ni hili tambara. Ni langu."

Meneja akalitazama. "Kwa hiyo ulimchafua mwenzako bure?"

Kinywa changu kimezoea. Kilifunguka kutafuta wa kulaumiwa, nikaanza, "Kifuniko niliomba..." nikaona ninavyosikika, nikanyamaza.

"Kweli aliomba," mtunza stoo akasema. Hakunitazama. "Mimi ndiye niliyemwambia asubiri. Kosa lake lina mkono wangu pia."

Ningepokea matusi. Matusi ningejua pa kuyaweka.

Meneja akasukuma funguo zikarudi upande wa pili wa meza. Mtunza stoo akazikusanya, akafungua mlango, akaushikilia ili mimi nitangulie.

"Pita, kaka," akasema.

Nikapita nimeinamisha kichwa, na kule uani wanawake wa pasi wakajifanya wana kazi nyingi.