Theluji ya Nyumba ya Nyangumi

Dorcas Nasukpak alishuka ngazi ya pango la barafu, tochi mdomoni, na kabla mguu haujagusa chini akasikia sauti ambayo hakuwahi kuisikia mle tangu aolewe: maji. Tone, tone, juu ya nyama ya nyangumi.

Pango lile alilichimba marehemu mumewe kwa sululu, katika ardhi iliyoganda tangu enzi na enzi. Kwao Wainupiati, wawindaji wa nyangumi wa kaskazini ya mbali, mke wa nahodha ndiye mtunza pango, na nyangumi hujitoa kwa nyumba safi, yenye baridi. Kila mwaka, kabla ya msimu, Dorcas alilifagia akatandaza theluji mpya, mgeni huyo asije akakuta uchafu. Lakini siku hizi ardhi imeshikwa na homa, hata wakati wa baridi.

"Linavuja, Mama?" aliuliza Amos kutoka juu. Ndiye mwanawe, na ndiye nahodha sasa.

"Linalia."

"Basi sikufichi. Nyama hii ikioza, mtumbwi sishushi tena baharini. Nitamwitaje mnyama mkubwa vile, halafu nimwozeshe?"

"Nje dubu wataimaliza. Na freza ya kijiji?"

"Kwa umeme wa dizeli? Ile inakula kuliko mbwa wa jirani yetu Isaki! Juzi juzi tuliiwasha, watu wakashindwa kupasha moto nyumba zao."

Ulibaki umeme mpya. Nyuma ya uwanja wa ndege kampuni moja ilikuwa imetandaza wavu wa nyaya juu ya nguzo. Mbali angani, mahali ambapo jua halizami, ulielea mtambo wa kulikusanya na kulirusha chini kwa mawimbi kama ya redio, na wavu ukayageuza kuwa umeme. Bei nusu ya dizeli, walisema. Leo ndipo wanauwasha, na jua lenyewe kijijini halijaonekana tangu Novemba.

Dorcas hakuupenda. Mkono unaotoa ukiwa juu namna ile, siku ukifumba, nani ataufikia?

Tone likadondoka tena.

"Teremsha kamba," akasema.

Walivuta mapande ya nyama kwa sleji ya kuteleza juu ya theluji, kuelekea freza ya kijiji, mpaka mama akaona mabega ya mwanawe yameanguka kama ya mtu anayetoka kuzika.

"Kitendawili!"

"Mama, na baridi hii? Haya, tega."

"Mgeni wangu simwoni, bali leo analinda nyama yangu."

"Isaki."

"Isaki ailinde nyama? Atailinda tumboni! Nipe mji."

"Chukua Anchorage."

"Niifanyie nini, na kelele zake? Haya, nimekwenda, nimekula, nimeshiba. Jibu utalipata tukifika."

Walipofika, Amos alikwenda kumwita injinia wa kampuni, dada mmoja mrefu aitwaye Lindqvist. Waliporudi walimkuta Dorcas amepiga magoti ndani ya chumba cha freza, anamimina ndoo ya theluji.

"Mama, hapana!" Lindqvist alipiga kelele. "Feni itaivuta, itaziba, mashine ife siku ya kwanza!"

"Mama, hii si pango," Amos alinong'ona, uso umemshuka kwa aibu.

"Na nyangumi, nani amemwambia hii si nyumba yake?"

Amos alitazama theluji, akamtazama mama yake, kisha akavua kofia.

"Bila theluji," alimwambia injinia polepole, "siendi baharini. Na nisipokwenda, katika freza hii mtaweka nini? Viatu?"

Lindqvist alikuna kichwa, akaichungulia feni. "Tukiishindilia kwenye sinia, tukaiweka kona ile, mbali na upepo wake?"

Dorcas akainua nyusi.

"Amekubali," Amos akasema.

Wakapanga nyama, wakawasha. Mashine ikakohoa, ikanyamaza, kisha ikaanza kuvuma. Dorcas aliweka kiganja ukutani akangoja, wala hakukiondoa mpaka baridi ilipomng'ata.

"Jua," alisema Amos kwa sauti ndogo. "Mgeni wako ni jua."

"Umechelewa. Mji sirudishi."

Alirudi pangoni peke yake. Alama za sululu ya mumewe zilikuwa zinalainika, nyingine zimekwisha futika. Alichukua ufagio akafagia maji mpaka pembeni, akatandaza theluji mpya sakafuni, huku akijua haitamaliza wiki. Nyumba iliyokulisha huiachi chafu. Kisha akapanda ngazi, akafunika mfuniko, akaburuta gunia zito juu yake upepo usiuinue.

Msumari hakupiga: siku ule mkono wa juu ukifumba, apate pa kurudi.