Nguzo Nne za Tanki

Siku tulipoanua matanga ya baba, Igamba kulikuwa na baridi kali. Mdogo wangu Ezron alikaa nami jikoni, simu mkononi. Fomu ya chama cha wahandisi, tawi la wanafunzi, ilikuwa wazi kwenye kioo. Mwisho wa kuituma ulikuwa saa kumi, na saa tisa ilishapita.

"Goodness amepiga tena," alisema. Huyo ni mwenzake wa chuo, Mbeya. "Ananiuliza najiunga au sijiungi."

"Si ulisema mtapelekwa kwenye miradi, mfundishwe na wahandisi wenyewe?"

"Ndiyo, dada. Lakini soma hapa."

Nikasoma. Kilikuwa kiapo cha mwanachama: "Sitatoa ushauri wa kazi nisiyoifahamu, na nikikosea sitaficha." Chini yake palikuwa na nafasi ya jina.

Kwetu, kijana akianza tu kusoma uhandisi, kijiji kizima kinamwita injinia. Anaitwa kupima msingi, anaulizwa habari za nondo, na akisema hajui wanadhani anaringa. Likizo hii baba mdogo Clement alimpeleka kwenye mashine yake ya kumenya kahawa, akamwonyesha nguzo nne za matofali alizotaka kupandishia tanki la maji.

"Injinia, zinatosha?"

Ezron alizigonga kwa kiganja, akasema zinatosha. Nilikuwepo. Baba naye alikuwepo, akacheka kwa furaha. Wiki mbili baadaye tanki lilijazwa kwa mara ya kwanza, nguzo moja ikakatika. Baba alikuwa chini yake, anafungua koki.

Msibani wote walisema ni ajali.

"Nikijaza nitakuwa nadanganya," Ezron alisema. "Nimeshaficha."

"Na usipojaza?"

Baba mdogo aliinama mlangoni.

"Injinia! Wazee wanakusubiri. Nimewaambia Jumatatu tunasimamisha nguzo upya, wewe utusimamie."

"Baba mdogo, mimi bado mwanafunzi. Nafikiria kujiunga na chama, nifundishwe kwanza."

"Chama? Cha kuvaa tai na kupigana picha? Wewe huku kila mtu anakujua. Au umeanza kuogopa?"

Ezron aliinuka, akampita, akaenda mpaka kwenye turubai walipokaa mama na wazee. Nilimfuata. Nilitaka kumvuta shati, nikashindwa.

"Shikamooni," alisema. "Zile nguzo, mimi ndiye niliyesema zinatosha. Sikupiga hesabu yoyote. Sikujua hata namna ya kuipiga. Niliona aibu kusema sijui."

"Kaa chini, mtoto wewe!" baba mdogo alifoka. "Unataka kumuua baba yako mara ya pili?"

"Clement, mwache amalize," mama alisema.

"Nimemaliza, mama."

Mama hakumwita karibu. Alijifunika kanga usoni, akalia upya, wanawake wakamsogelea. Ezron alibaki amesimama katikati ya watu. Kisha akatoa simu, akaandika jina lake, akatuma. Zilikuwa zimebaki dakika nne.

Jumatatu hakuna nguzo iliyosimamishwa. Baba mdogo hajaja kwetu tangu siku ile. Mama naye hakumsemesha Ezron mpaka asubuhi ya kurudi chuo, alipomfungia karanga kwenye mfuko.

"Hao wa chama chako," aliuliza bila kumtazama, "watakufundisha hesabu za nguzo?"

"Ndiyo, mama."

"Haya, nenda."