Ringi ya Korongo

Siku za mechi mtunza ukumbi alifika saa tano asubuhi. Alifungua madirisha ya upande wa maegesho, akafagia uwanja kwa fagio pana kutoka mstari wa mwisho mmoja hadi mwingine, kisha akapanda ngazi na kupima ringi zote mbili. Ringi ya mpira wa kikapu inatakiwa iwe mita tatu na sentimita tano kutoka sakafuni. Zote mbili zilikuwa mita tatu na sentimita tano. Aliandika kwenye daftari lake, akashuka, akaenda kunywa chai.

Jioni ya siku hiyo Korongo, timu ya wanawake yenye makao katika ukumbi huo, walicheza mechi yao ya pili ya msimu. Ya kwanza walikuwa wamefungwa kwa pointi tisa. Sasa, kila walipovuka mstari wa kati wakiwa na mpira, ringi waliyokuwa wakiishambulia ilipanda sentimita nane, yaani vidole vinne, pamoja na ubao wake, taratibu na bila kelele. Mwamuzi alipopuliza filimbi, ilishuka. Wapinzani waliposhambulia upande wa pili, ringi yao ilitulia palepale. Baada ya mapumziko timu zilibadilishana pande, na ringi nazo zikabadilishana tabia. Korongo walifungwa kwa pointi kumi na tatu.

"Mzee, umeiona?" nahodha alimuuliza mtunza ukumbi huku akifungua kamba za viatu.

"Nimeiona, mwanangu. Na nyavu zimechakaa, nitabadilisha kesho."

Nahodha alikuwa na miaka thelathini na sita, na kumi na saba kati ya hiyo alikuwa ameitumia Korongo. Goti lake la kushoto lilikuwa limepasuliwa mara mbili. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na wala hakuwa mtu wa kununa. Alifika mazoezini wa kwanza, akaondoka wa mwisho, na soksi zake alizikunja mwenyewe. Ukikaa naye siku mbili tu unajikuta umeanza kunyoosha mgongo.

Alikuwa ameshaamua kwamba huo ni msimu wake wa mwisho, na alichotaka ni kimoja tu: yeye akiondoka, timu ibaki. Kanuni za ligi zilisema klabu itakayomaliza msimu wa mechi ishirini na mbili bila ushindi hata mmoja itafutwa. Nyuma ya nahodha kulikuwa na mabinti wasio na pengine pa kuchezea, hasa yule wa miaka kumi na tisa waliyemwita Kitinda, aliyekuwa na mikono mirefu na hofu nyingi. Kwa hiyo Korongo walihitaji ushindi mmoja. Hawakutaka kombe wala nafasi ya nne, ushindi mmoja tu.

Walifungwa mechi ya tatu, ringi ikaongeza vidole vinne. Walifungwa ya nne, ikaongeza vinne vingine. Haikujali kama wako nyumbani au ugenini, iliwafuata kila ukumbi. Wapinzani waliiona, na kwa adabu hawakusema kitu. Mtunza ukumbi hakuruhusiwa kusogea na ngazi mpira ukiwa unachezwa, kwa hiyo alihesabu matofali ya ukuta ulio nyuma ya ubao, maana alijua kimo cha kila tofali. Aliandika hesabu hiyo kwa penseli, ukurasa wa nyuma wa daftari, kwa sababu ukurasa wa mbele ulikuwa wa vipimo rasmi.

Katikati ya msimu kamati ya ligi ilimtuma katibu wake. Alikuwa mtu mpole, mwenye kalamu mbili mfukoni na viatu vilivyong'aa. Alikaa kiti cha mbele katika mechi ya kumi na moja na kuangalia yote, kuanzia mwanzo hadi Korongo walipomaliza wakiwa nyuma kwa pointi arobaini na mbili.

"Imepanda," alikiri, akifunga faili lake.

"Tunajua, mheshimiwa," kocha alisema. Kocha alikuwa mwanamke mfupi aliyezoea kusimama juu ya benchi. "Tunaomba ipimwe wakati wa mchezo. Basi."

"Kifungu cha arobaini, Kocha. Malalamiko kuhusu kimo cha ringi wakati wa mchezo yanapokewa kutoka kwa klabu yenye angalau ushindi mmoja katika msimu."

"Tungekuwa na ushindi, tungelalamika nini?"

"Ndiyo maana malalamiko ni machache," katibu alisema, na alisema bila kejeli hata chembe. Aliwapa mkono wote, mmoja baada ya mwingine. "Lakini msiache kuandika. Kila barua tunaihifadhi."

Basi kocha akaendelea kuandika, kama alivyofanya tangu mechi ya pili. Kila baada ya mechi barua moja, yenye tarehe, matokeo na idadi ya matofali. Kamati ilijibu kila barua kwa mstari mmoja wa shukrani.

Wengine wangebwaga manyanga hapo, na nani angewalaumu? Shingo zilikuwa zinawauma kwa kutazama juu, mpaka daktari wa timu akaanza kuwapaka dawa ya kuchua hata kabla ya mechi. Mabega yalikuwa yamekufa ganzi. Mrukaji wao bora, aliyekuwa akigusa ringi kwa vidole, sasa aliruka na kugusa hewa. Jumatatu moja nahodha aliwaita katikati ya uwanja.

"Tumekuwa tukiingoja ishuke," alisema. "Haishuki. Tuache kuingoja."

Akauchukua mpira kwa mikono miwili, akauteremsha mpaka katikati ya magoti, akachuchumaa kidogo, goti likalia, halafu akaurusha juu kama mtu anayemwaga maji ya ndoo dirishani. Mpira ulipaa ukapita ubao, ukasita karibu na taa, ukarudi chini na kuangukia viti vya mashabiki.

"Nahodha, hivyo si wanarusha watoto?" Kitinda aliuliza.

"Watoto wanajua ringi iko juu. Sisi ndio tulisahau."

Walirusha hivyo mara mia tatu siku hiyo. Kesho yake mia tatu. Mwisho wa wiki mapaja yalikuwa yanatetemeka na mpira mmoja kati ya ishirini ulikuwa unaingia. Wiki iliyofuata ikawa miwili, kisha minne. Nahodha alizama katika kazi hiyo hata nyumbani mikono yake haikupumzika. Mama yake alipomwomba amrushie kitunguu, kiligonga dari.

"Mwanangu," mama yake alisema, akikiokota, "sufuria liko huku chini."

"Samahani, Mama."

"Usiombe samahani. Rusha kingine, nikuone."

Mwanzoni mashabiki wa ugenini waliwacheka. Wanawake wazima, wenye mishahara, wanarusha mpira kutoka magotini! Palikuwa na jamaa mmoja aliyeleta kinyesi cha plastiki na kukitikisa kila Korongo walipochuchumaa. Lakini mpira ukianza kupanda, kicheko kilikatika chenyewe, kwa sababu ulichukua muda mrefu huko juu, na ni vigumu kucheka huku umeinua kidevu. Walifungwa kwa pointi thelathini. Ringi ikapanda. Walifungwa kwa ishirini na moja, ikapanda. Kumi na moja. Sita. Tatu. Yaani ringi ilivyozidi kwenda juu, ndivyo walivyozidi kuikaribia, na jambo hilo halikuandikwa na gazeti lolote, maana magazeti yaliandika matokeo tu, na matokeo yalisema wamefungwa.

Kwa ulinzi usiseme. Walikuwa wamejifunza kwamba kila kikapu chao ni cha jasho, kwa hiyo hawakumpa mtu kikapu cha bure. Kitinda, yule mwenye hofu nyingi, alikuwa sasa anamkaba mshambuliaji mpaka mwenyewe anaomba maji.

Mechi ya ishirini na mbili ilichezwa nyumbani, dhidi ya Radi. Radi walikuwa tayari mabingwa, na mwenyekiti wao alikuwa pia mwenyekiti wa kamati ya ligi. Ukumbi ulijaa hadi kwenye madirisha. Mtunza ukumbi alikuwa amepima asubuhi: mita tatu na sentimita tano, zote mbili. Mechi ilipoanza akahesabu matofali, akaandika kwa penseli: mita nne, sentimita sabini na tatu.

Ilikuwa mechi ya pointi chache. Radi walipewa kila walichostahili na hawakupewa zaidi ya hapo. Zilipobaki sekunde tisa walikuwa wanaongoza kwa thelathini dhidi ya ishirini na nane, na mpira ulikuwa wa Korongo. Kitinda aliupata pembeni, akiwa peke yake. Aliinua macho. Kisha, badala ya kurusha, alimpa nahodha, naye nahodha alikuwa amesimama mbali, karibu na mstari wa kati, goti la kushoto limefungwa kitambaa.

Alichuchumaa. Goti lililia, na ukumbi mzima ulilisikia.

Mpira ulipanda ukapita taa, ukapita boriti ya kwanza, ukaingia katika giza lililo chini ya bati, na kwa muda haukuonekana. Filimbi ya mwisho ilipulizwa ukiwa huko. Watu wakangoja. Mchezaji mmoja wa Radi alianza kutembea kwenda kuchukua chupa yake ya maji. Halafu mpira ukashuka, wima kabisa, ukapita ndani ya ringi bila kuigusa. Thelathini na moja kwa thelathini.

Mtunza ukumbi alikaa chini sakafuni akalia waziwazi. Kocha alianguka kutoka juu ya benchi, akadakwa. Mama yake nahodha, kiti cha tatu, alikuwa anawaambia majirani kwamba yeye ndiye aliyemzaa, na hakuna aliyebisha. Furaha hiyo ilidumu dakika kumi na mbili.

Dakika ya kumi na tatu katibu wa kamati alikuja mezani na karatasi. Radi walikuwa wamewasilisha malalamiko kuhusu kimo cha ringi wakati wa mchezo. Radi walikuwa na ushindi ishirini na mmoja, kwa hiyo malalamiko yalipokewa. Mwamuzi aliombwa arudishe mchezo kwa dakika moja na kuwapa Korongo mpira. Radi walikuwa na ngazi yao ndefu, iliyokuwa juu ya gari lao tangu mchana.

Korongo walivuka mstari wa kati, ringi ikapanda. Mtunza ukumbi aliombwa apande apime, kwa kuwa ndiye mwenye kazi hiyo. Alipanda polepole, akanyoosha futi kamba.

"Soma, mzee," katibu alisema.

"Mita nne na sentimita sabini na tatu." Alikuwa ameisubiri nafasi ya kuisema namba hiyo kwa sauti tangu msimu uanze, na aliisema vizuri, hata walio madirishani wakaisikia.

"Kumbe mlisema kweli," katibu aliwaambia Korongo, na alionekana kufurahi kwa ajili yao. "Tangu barua ya kwanza. Barua zote ishirini zitaambatishwa kama ushahidi. Ringi isiyo na kimo halali haiwezi kufungwa kikapu halali. Pointi zenu thelathini na moja zinafutwa."

Nahodha alisogea. "Sisi pia tuna ushindi mmoja sasa. Tunalalamika. Ipimwe kwa mechi zote."

Katibu alitazama saa yake, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesikitika kweli. "Mlikuwa nao, dada. Malalamiko ya Radi yamewahi."

Aliandika thelathini kwa sifuri. Chini yake aliandika kwamba Korongo wamemaliza msimu bila ushindi na klabu imefutwa. Alitumia kalamu ya pili, kwa sababu ya kwanza iliisha wino. Kisha aliwapa mkono wote kumi na wawili, na alipofika kwa nahodha aliinamisha kichwa. "Ule mrusho wa mwisho," alisema, "sijawahi kuona kitu kama kile maishani mwangu." Nahodha alimshukuru.

Katika chumba cha kubadilishia nguo Kitinda alilia akiwa ameweka taulo usoni. Nahodha alikunja soksi zake, akaziweka kwenye begi, akafunga zipu. Alikuwa ameumia, na hakujaribu kulificha hilo. Macho yake yalikuwa mekundu, na alimwacha kila mtu ayaone.

"Kesho saa kumi," alisema, akatoka.

Kesho yake saa kumi mtunza ukumbi alifungua mlango bila kuuliza anamfungulia nani. Walikuja wote kumi na wawili, na kocha. Walipovuka mstari wa kati ringi ilipanda, ikaongeza vidole vinne vya kipigo cha jana, ikatulia karibu na boriti. Walipasha misuli moto. Walipanga mstari.

"Nahodha," Kitinda alisema, akiwa ameshika mpira, "tunajiandaa kucheza na nani?"

"Teremsha mikono kwanza. Chini zaidi. Hapo."

Kitinda alichuchumaa akarusha, na mpira ukaingia.